Udongo wa Kula wa Ukingoni

Palikuwa na mama mmoja mjane, huko milimani, riziki yake ilikuwa kuuza udongo. Msinishangae. Udongo wa kula, ule ule mnaoutafuna mkiwa wajawazito, halafu mkiulizwa mnafuta midomo kwa kanga. Nawajua!

Udongo wake ulikuwa na jina. Aliuchimba ukingoni mwa kijito, akauloweka, akatoa mawe, akaufinyanga vipande kama vidole na kuukausha juu ya moshi. Hakuchanganya na jivu. Ukimshuku, alikung'akia: "Nenda kwa mwingine!"

Sasa, juu ya kile kijito akaja bwana mmoja na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Akasaga, akaosha kwa zebaki, maji machafu akayaacha yateremke. Miaka mitatu! Ndipo bwana afya akachukua udongo wa ukingoni kwenda kuupima. Majibu alimletea mama pale pale sokoni.

"Mama, udongo wako una zebaki, na risasi, madini yaliyokuwa ndani ya mawe yanayosagwa kule juu. Vinamfikia mtoto tumboni, vinamharibu ubongo. Acha kuuza."

"Wee! Nimezaa sita kwa udongo huu. Yupi ana kasoro?"

"Uliokula wewe ni wa kabla ya karasha, mama."

Mama akawaka: "Kwani nimeweka mimi? Kamwambieni mwenye karasha!"

Na kweli, hakuweka yeye. Bwana afya akaenda zake. Mara akaja binti mmoja, mimba ya miezi mitano.

"Shikamoo, mama. Nipe ule wa siku zote, nimeota nautafuna."

Mama akashika kipande. Sufuria ya nyumbani kwake ilitegemea sinia ile ya udongo, shamba hana. Binti hajui lolote. Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Usinijibu haraka.

"Marahaba. Huu hauliwi tena, mwanangu, una sumu. Na uliokwisha kula, twende kliniki. Nakupeleka mwenyewe." Alisema kwa sauti, soko zima likasikia.

"Shoga, umerogwa?" jirani yake akamtania. "Unajifungia biashara kwa mdomo wako!"

"Najifungia. Una neno?"

Walipotoka kliniki, akapanda mlima na kundi la wanawake mpaka kwa mwenye karasha. Yule bwana akacheka.

"Mimi udongo siuzi wala sili. Hayo mambo yenu wanawake."

"Mkeo naye mwanamke," mama akamjibu. "Jumatano kachukua vipande vinne kwangu. Muulize ana mimba ya miezi mingapi."

Kicheko kikamkauka. Mashine ikazimwa.

Ardhi haikupona siku ile, jamani. Metali ikiingia udongoni haiozi kama jani. Lakini karasha ilihamishwa mbali na maji, mabaki yakawekwa kwenye shimo la saruji, ukingo ukapandwa miti isiyoliwa. Mama sasa anauza tangawizi ya upande wa pili wa mlima, na shamba alilipimisha kwanza. Binti? Alijifungua mtoto mwenye kilio cha kuamsha mtaa mzima!

Sasa tuje kwetu sisi. Sisi ni mafundi wa kuuliza, "Nani kaweka?" Tukishampata wa kumlaumu, tunaendelea kuuza. Mwenye karasha atajibu lake mbele za Mungu. Lakini kipande kilikuwa mkononi mwa nani? Mama yule alijiuliza, "Nani atakula?" na swali hilo ndilo lililozima mashine.

Humu ndani yumo anayepasua betri kuukuu uani, risasi yake inaingia udongoni, kuku wanadonoa hapo hapo, na mayai tunauziwa. Simtaji, anajijua. Ndugu yangu, ibada ikiisha usinikimbie. Tutamwita bwana afya pamoja, atuonyeshe namna ya kuuondoa udongo ule. Koleo nitashika mimi.