Kitabu Kilichotundikwa Mlangoni

Hapo zamani za kale, wakati Fisi alikuwa bado na kitambi, na wanyama walikuwa wakilima, wakipika na kugombana na majirani zao kama sisi, palikuwa na nchi iitwayo Vichakani. Nyamazeni basi! Wewe unayetafuna muwa, tafunia upande mmoja, sikio la upande wa pili nipe mimi.

Vichakani ilikuwa na mfalme, naye ni Tembo. Hakuwa mfalme mbaya. Alitaka kila nyumba itoe sehemu ndogo ya mavuno, ili achimbe malambo ya maji na kufyeka njia. Hiyo ndiyo kodi. Maji mnayanywa, sivyo? Basi wanyama nao waliyanywa, na kodi hawakuikataa.

Shida ilikuwa mtoza kodi. Mtoza kodi alikuwa Fisi.

Fisi alipita nyumba kwa nyumba akiburuta gunia. "Hodi! Kodi ya mtama!" Anachota, chwaa! "Ghala lako lina kivuli? Kodi ya kivuli!" Chwaa! "Na huu mlango unalia kwiii ukifunguliwa? Kodi ya kelele!" Chwaa! Mtama mwingi aliochota haukufika kwa Mfalme. Uliishia kwenye kile kitambi nilichowaambia.

Na sheria ya kodi ilikuwepo, jamani. Mfalme aliichonga mwenyewe juu ya jabali, akasahau kwamba si kila mtu ana miguu ya jabali. Nyati mzito, atapandaje? Ngiri mvivu. Mama Kanga, yule ndege wa madoadoa, ana vifaranga wanaomlilia kutwa nzima. Basi sheria ikakaa huko juu, ikipigwa na jua, na huku chini Fisi akachota.

Aliyepanda ni Kindi. Mnamjua Kindi? Mwili mdogo, mkia mkubwa, na maneno mengi kuliko mkia. Alipanda jabali paru paru paru, akasoma, akashuka anacheka peke yake.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe tunaliwa hivihivi!"

Akakaa chini akaandika vitabu vidogo, vya maneno mepesi, akavibeba hadi gulioni.

"Kitabu! Kitabu cha kodi! Konzi moja tu ya karanga! Jua unachodaiwa, jua usichodaiwa!"

Loo, waligombania! Nyati alinunua, Ngiri alinunua, Mama Kanga aliwanyima wanawe karanga akanunua. Kindi alirudi nyumbani na karanga zake, roho yake nyeupe. "Safari hii Fisi atakiona," akajisemea.

Siku moja kabla ya Fisi kutoza, Kindi akapita kuwatembelea wateja wake. Kwanza alifika kwa Nyati. Akakuta kitabu kimefungwa kwenye pembe kwa kamba nyekundu.

"Shikamoo, Mzee Nyati. Umekisoma?"

"Marahaba. Kusoma ya nini, kijana?" Nyati akatikisa kichwa, kitabu kikapepea. "Nimekivaa. Fisi akikiona tu, atakimbia."

"Mzee, hiyo si hirizi!"

"Basi mbona uliiuza?"

Kindi akashika kichwa. Akakimbia mpaka kwa Ngiri. Ngiri amelala chali, tumbo juu, midomo imechafuka wino.

"Bwana Ngiri! Kitabu kiko wapi?"

"Nimekinywa," Ngiri akasema, akacheua, bwaa! "Nimekiloweka kwenye maji, nimekoroga, nimekunywa kama kombe la mganga, yale maandishi ya dawa yanayooshwa yakanywewa. Sasa hivi kinafanya kazi ndani kwa ndani."

"Ulisoma hata ukurasa mmoja?"

"Si nimekwambia nimekinywa? Kurasa zote zimo."

Msicheke sana. Mimi namjua mtu humu ndani aliyenunuliwa daftari la hesabu akalilalia kama mto. Haya, tuendelee.

Kindi alifika kwa Mama Kanga mwisho. Kitabu kilitundikwa juu ya mlango, kimeviringishwa kitambaa. Mama Kanga alikuwa amekaa kizingitini, amelikumbatia gunia moja la mtama, na machozi yanamtoka.

"Mama Kanga, kulikoni?"

"Mdogo wangu, hili ndilo gunia langu la mwisho. Humu mna mbegu. Kesho Fisi akilibeba, mvua ikinyesha nitapanda nini? Itabidi niwagawe wanangu kwa ndugu, huyu aende huku, huyu kule. Nimeomba hicho kitabu kinilinde."

"Mama, kitabu kinasema mbegu hazitozwi! Kishushe nikuonyeshe!"

Mama Kanga akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto anayesema amemwona nyoka anaendesha baiskeli.

"Kindi, mdogo wangu, nakupenda. Lakini wewe ni kindi. Nikisimama mbele ya Fisi niseme 'Kindi kasema', si atanicheka? Hayo maneno yana uzito gani yakitoka kwako wewe?"

Kindi alitoka pale ameumia. Kweli yote ilikuwa mkononi mwake, na hakuna aliyetaka kuipokea kwa kuwa ilitoka kwenye mdomo mdogo. Akakaa kwenye kisiki, anatafuna karanga bila kusikia ladha.

"Wanataka mdomo mkubwa," akanung'unika. "Sasa mdomo mkubwa nitautoa wapi?"

"Weee Kindi!"

Kindi aliruka. Fisi huyo, na gunia lake tupu begani. Alikuwa anapita kukagua nyumba atakazozitoza kesho.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Hiyo marahaba utaipata baadaye. Niambie, vitu gani vile vinaning'inia? Kwa Kanga kipo, kwa Nyati kipo. Na Ngiri kanicheulia usoni akaniambia kimo tumboni!"

Kindi akamtazama Fisi vizuri. Akaona masikio yake yamelala. Akaona jicho moja linachungulia nyuma, kwenye mlango wa Mama Kanga. Fisi alikuwa anaogopa! Na hapo Kindi akauona mdomo mkubwa aliokuwa akiutafuta, umesimama mbele yake, unanuka mifupa.

Akaanza kutetemeka, tetere tetere, kwa makusudi. "Si kitu, Bwana Mkubwa. Ni... ni vijitabu tu."

"Vijitabu vya nini?"

"Wao wanasema ni dawa. Eti mtoza akigusa gunia la nyumba yenye kitabu, tumbo linavimba, linavimba, mpaka puu!"

Fisi akashika kitambi chake. Kitambi nacho, kwa mifupa iliyoliwa mchana ule, kikaunguruma: ngruuu.

"Mama yangu!" Fisi akasema. "Dawa inazimwaje? Sema upesi, nisije nikakutafuna!"

Kindi akajitupa chini, akamshika miguu. "Nitafune, Bwana! Nitupe mtoni! Ning'oe mkia! Lakini nakuomba, nakusihi, usiwasomee kile kitabu kwa sauti, neno kwa neno, wote wakisikia!"

"Kwa nini?"

"Kikisomwa hivyo, nguvu zake zote zinamwagika! Kinabaki karatasi ya kufungia karanga. Nami nitaonekana tapeli, Bwana, watanipiga!"

Fisi akacheka kile kicheko chake, hi-hi-hii, mpaka ndege wakaruka mitini. "Lete nakala moja hapa!"

Kindi akampa huku analia. Alipogeuka tu, machozi yakakauka.

Asubuhi wanyama wote walikusanyika uwanjani na magunia yao. Mama Kanga alisimama mbele, vifaranga wamejificha chini ya mbawa zake. Fisi akapanda juu ya kichuguu, akakifungua kitabu, akakohoa, khh khh.

"Mnajifanya mna dawa, siyo? Leo naimwaga! Sikilizeni wote!"

Akasoma kwa lile sauti lake linalosikika hata ng'ambo ya mto: "'Kodi ya Mfalme italipwa, na kila mwenye mavuno atalipa sehemu yake.'"

Uwanja ukanong'ona. Nyati akamgeukia Kindi. "We kijana! Umetuuzia kitabu kinachosema tulipe?"

"Hajafika mwisho, mzee wangu," Kindi akasema kwa sauti ndogo. "Tega sikio."

"'Lakini,'" Fisi akaendelea mbiombio, maana alitaka kumaliza ili tumbo lake lipone, "'mbegu za kupandia hazitozwi, wala mtoza hatazigusa.'"

Shingo ya Mama Kanga ikanyooka. "Bwana Fisi! Sijasikia vizuri. Hebu rudia hapo."

"Usinikatize!"

"Sikusikia, Bwana."

Fisi akaingiwa na hofu. Asiposikia mmoja, je, dawa si itabaki kwa huyo mmoja? Akavuta pumzi akanguruma kwa nguvu zake zote: "MBEGU ZA KUPANDIA HAZITOZWI, WALA MTOZA HATAZIGUSA! Umesikia sasa?"

"Nimesikia, Bwana. Asante sana."

"'Mwenye watoto wasioweza kujitafutia chakula ataachiwa chakula chao kwanza. Anayemuuguza mzazi atapunguziwa.'"

"Hapo na mimi sikusikia!" Nyati akapaza sauti. Mama yake alikuwa kitandani tangu masika. Fisi akarudia, jasho likimtiririka.

"'Hakuna kodi ya kivuli. Hakuna kodi ya kelele za mlango.'"

"Rudia!" uwanja mzima ukapiga kelele. "Rudia, Bwana Fisi, hatujasikia!"

Na Fisi, maskini, akarudia. Akasoma hadi neno la mwisho, akakitupa kitabu chini, paa!

"Imekwisha! Dawa imemwagika! Leteni magunia!"

Hakuna aliyesogea. Kisha Mama Kanga akatoka mbele na gunia lake, na hilo nalisema wazi, alikuwa anaogopa sana. Akalifungua. Akamimina mafungu matatu mbele ya macho ya Fisi.

"Fungu hili ni mbegu zangu," akasema. "Hili ni la watoto wangu. Na hili hapa ni sehemu ya Mfalme, sikupunja hata punje. Lichukue, Bwana Fisi, tuchimbiwe malambo."

Fisi akatazama fungu la Mfalme, dogo, halitoshi kuibiwa. Akanyoosha mkono kwenye mbegu.

"Umesoma mwenyewe!" kifaranga mmoja akalia kutoka chini ya bawa.

"Nilikuwa namwaga dawa!"

"Umesoma mwenyewe!" wakaitikia vifaranga wote.

"Hayo ni maneno ya Kindi!"

"Ya Kindi tungeyacheka," Nyati akasema, akasogea polepole, pembe zake zikiwa na ile kamba nyekundu. "Tumeyasikia kwako. Kwa sauti yako. Tena tulikurudisha nyuma ukasema tena."

"Mimi changu kimo tumboni," Ngiri akadakia, "lakini masikio ninayo. Kodi ya kivuli nirudishie!"

"Umesoma mwenyewe! Umesoma mwenyewe!"

Fisi akatazama huku, akatazama kule, hakuona pa kushika. Kila mnyama akamimina fungu la Mfalme kwenye gunia la Fisi na kurudi na lake. Safari hii walilibeba gunia wenyewe mpaka kwa Tembo, wakiimba njia nzima. Tembo aliona gunia limejaa kuliko miaka yote, ingawa kila nyumba ilitoa kidogo kuliko miaka yote, akauliza hiyo hesabu inakwendaje. Wakamwambia. Siku hiyohiyo Fisi akavuliwa kazi, na kitambi kikaanza kuisha. Ndiyo maana leo ukimwona, mgongo wake umeteremka na tumbo limeingia ndani.

Mvua ikanyesha, shwaa. Mama Kanga akapanda mbegu zake, na hakuna mwanawe hata mmoja aliyepelekwa kwa ndugu. Mchana wanapalilia pamoja, na jioni mlangoni pake husikii kilio tena. Unamsikia kifaranga mdogo akisoma kile kitabu, herufi moja moja, na wenzake wakimsahihisha. Kile kitambaa Mama Kanga alikifanya cha kufutia meza.

Kindi naye alirudi gulioni. Wa kwanza kufika alikuwa Ngiri, na konzi ya karanga mkononi.

"Nipe kingine, ndugu yangu. Kile cha kwanza kiliniharisha."

"Hiki utakifanyaje?"

Ngiri akafikiri, akafikiri. "Nikichemshe kwanza?"

"Ngiri!"

"Haya, haya! Nitakisoma!"

Na kweli alikisoma, nusu yake akiwa amelala, lakini alikisoma. Basi hapo nami nafunga mdomo, na wewe mwenye muwa, okota hayo makapi. Mkikumbuka kitu kimoja kumbukeni hiki: kitabu cha haki zako hakikulindi kikiwa kimetundikwa, kinakulinda kikiwa kimesomwa.