Ukucha wa Nakiete

Zama zile chuma kilikuwa bado kinasikia, na kisu cha kukunja hakikuhitaji kufunguliwa. Mwenye nacho alikilaza kiganjani, akaifikiria kazi yake, muwa wa kumenya au kamba ya kukata, na ubapa ukanyanyuka wenyewe kutoka kwenye mpini kama ng'ombe asikiaye mlango wa zizi. Kazi ikiisha, ukarudi kulala. Na kuna jambo jingine ambalo leo watu wakiambiwa huguna: kisu hakikumfungukia mwenye hasira. Wanaume wawili waliweza kutukanana tangu mtoni hadi gulioni kwao, visu mkononi, na visu vikabaki vimefumba kama chaza. Wakaishia kupigana vikumbo, na kabla jua halijatua wakawa wanagombea kata moja ya pombe ya muwa.

Huko milimani kwa Wapare, ambako chuma kilifuliwa tangu enzi za mababu, aliishi mkunga aitwaye Nakiete. Alikuwa na kisu kimoja tu, alichorithi kwa mama yake, naye mama alikuwa mkunga. Hakikuwa kisu cha kutazamwa. Mpini wake wa mpera ulikuwa umepasuka ukazibwa kwa nta, na ubapa ulikuwa umenolewa mpaka ukawa mwembamba kama jani la mwanzi. Lakini nusu ya kijiji walikuwa wamekatwa vitovu kwa kisu hicho, na Nakiete hakukitumia kwa kazi nyingine, hata kumenya ndizi.

Katika kijiji hichohicho alikuwapo Senkondo, mtu wa safari, aliyepeleka tumbaku pwani na kurudi, akaipeleka nchi za maziwa na kurudi, na kila aliporudi alikuwa na visu. Alikuwa na namna yake ya kuvichagua. Alikiweka kisu juu ya kidole kimoja aone kama kinalala sawa. Alikifunga karibu na sikio asikilize mlio wake. Alinusa mpini ajue kama ni pembe la tandala kweli au ni mti uliopakwa rangi. Makali hakuyajaribu kamwe, kwa sababu makali yaliyojaribiwa, alisema, si mapya tena. Alivitunza katika kasha la mvule lililotandikwa ngozi ya mbuzi, na kila siku ya gulio alivitoa, akavipaka samli, akavisifu kimoja kimoja mbele ya wageni. Vilikuwa arobaini. Hakuna hata kimoja kilichowahi kumenya chungwa.

Tusimcheke sana. Nani kati yetu hana vikombe kabatini vinavyomsubiri mgeni ambaye hajazaliwa?

Ila vikombe vyetu havimzuii jirani kunywa maji. Kasha la Senkondo lilimaliza visu vya milima yote. Kihara mhunzi alikuwa hajakipoza kisu vizuri, Senkondo yuko mlangoni na mbuzi wake kamba mkononi, na Kihara alipenda nyama. Mwishowe nyumba ya mhunzi yenyewe haikuwa na kisu, na mkewe Nanzia alimenya viazi kwa ukingo wa jembe, akiwaambia wageni kwamba ameolewa na fundi mkubwa sana.

Kisha Senkondo akaja kwa Nakiete. Akasema amesikia habari za kile kisu cha vitovu na anataka kukitazama siku tatu tu. Nakiete akampa, maana huyu alizaliwa mikononi mwa mama yake Nakiete. Siku tatu zikawa vuli, vuli ikawa masika, na vuli nyingine ikaja. Alipokifuata aliambiwa kinapumzika. Aliporudi, aliambiwa kimechanganyika na vingine. Mara ya tatu Senkondo alimweleza kwa upole kwamba kisu chenye historia namna hiyo kiko salama zaidi kwake kuliko kwa mama mtu mzima anayetembea mvuani. Neno hilo lilimkaa Nakiete kooni kama mwiba wa perege.

Ikabidi akate vitovu kwa utete uliochongwa. Wa kwanza akapona, wa pili akapona. Wa tatu kitovu kikavimba, akachemka homa siku arobaini, na siku zote hizo Nakiete alikaa ukutani nyumbani kwa wazazi wake bila kuwatazama machoni. Mtoto alipopona, Nakiete alivunja tete zake zote na kuapa kwamba hatazigusa tena.

Ndipo Nanzia akashikwa na uchungu. Ilikuwa asubuhi ya gulio, jua limeshakausha umande, na mtoto alikuja vizuri, wa kike, mwenye mapafu ya kupiga kelele. Nakiete akanyoosha mkono apewe kisu. Kihara akapekua kiwanda chake chote. Palikuwa na majembe, nyundo, na mkuki mmoja uliopinda. Akarudi akasema kwa sauti ya chini kwamba shoka analo. Nakiete alimtazama tu, naye akaenda kuliweka alipolitoa.

Akakifunga kitovu kwa uzi wa mgomba, akamlaza mtoto kifuani kwa mama yake na kumwambia Kihara akae hapo asiguse kitu. Kisha akapanda kwenda kwa Senkondo, na mama huyo aliyesemwa hafai kutembea mvuani alipanda mlima ule bila kupumzika hata mara moja.

Alimkuta amezungukwa na wageni, kasha wazi, anaeleza safari aliyokipata kile cha pembe la faru. Nakiete akasema shida yake kwa maneno machache. Senkondo hakukataa. Jambo lililomchoma Nakiete ni kwamba hakukataa, alianza kuchagua. Akainua hiki, akakirudisha, mpini wake haupendi maji. Akainua kile, akakipima kidoleni, akasema damu itaufifisha mng'aro.

"Senkondo, mwanangu," Nakiete akasema, "kuna mtoto bado amefungwa kwa mama yake. Nipe kisu changu."

Akapewa. Akakilaza kiganjani, akafumba macho, akakifikiria kile kitovu kama alivyofanya miaka yote. Kisu hakikutikisika. Akafikiri tena. Akachukua kingine, na kingine, mpaka arobaini vikaisha, navyo vimelala tu, vinang'aa. Hapo akaelewa. Vilikuwa vimepakwa samli na kusifiwa bila kazi mpaka vikasahau kwamba vina kazi. Na chake kikiwamo. Kisu cha mama yake kilikuwa kimejifunza uvivu kwa watu, na hilo lilimuuma kuliko zile vuli mbili.

Akakichukua tena, akaanza kukichokonoa kwa vidole kifunguke.

"Polepole, Mama," Senkondo akasema. "Utakikwaruza."

Nakiete akamgeukia. "Kisu hiki ndicho kilichokukata wewe. Mama yangu angeogopa kukikwaruza, ungekuwa unamning'inia mama yako mpaka leo."

Akazamisha ukucha wa dole gumba ubavuni mwa ubapa, akavuta. Hakuna aliyewahi kufungua kisu kwa hasira, lakini mwilini mwake wakati ule hakukuwa na kitu kingine cha kukifungulia. Ukucha ukapasuka. Na chuma, kwa kuwa kilikuwa bado kinasikia, kikasikia uchungu. Kikabonyea kwa umbo la ukucha ule, mwezi mwandamo mdogo, kisha kikafunguka. Nakiete akateremka nacho mbio. Mtoto alikatwa kitovu mchana ule, kikakauka vizuri, naye akaitwa Nakiete.

Lakini chuma chote kilikuwa kimeusikia uchungu ule, na kuanzia siku ile hakuna kisu kilichofunguka chenyewe tena, si pale milimani wala kwingineko. Watu wakavilaza viganjani wakawaza mpaka wakasinzia. Ni Kihara aliyekiazima kisu cha mkunga, kwa kitambo cha kupepesa jicho, huku mwenyewe amesimama kando. Akaitazama ile alama, akachukua tindo, akaigonga kwenye kisu kipya. Ukucha ukapata pa kushika. Baada ya siku chache Senkondo aliyeogopa mkwaruzo mmoja alifika kiwandani na kasha kichwani, akapanga foleni vikwaruzwe vyote arobaini, kisha akavigawa nyumba kwa nyumba. Cha mwisho alimenyea chungwa, akamwambia Nakiete kwamba ni tamu ajabu.

Na tangu siku hiyo kila kisu cha kukunja kina alama ya ukucha ubavuni, na hakuna aichongaye kwa urembo. Tangu siku hiyo pia kisu hakimjui mwenye haja wala mwenye hasira. Humfungukia yeyote mwenye ukucha. Ndiyo maana wawili wakigombana visu mkononi, watu hukimbia kuingia kati, maana kazi hiyo visu vimeiacha. Na ndiyo maana ukimpa mtu kisu unampa kikiwa kimefungwa, akifungue mwenyewe, na kabla hajakifungua aifikirie kazi yake. Kisu hakitamfikiria.

Nakiete alizeeka na ukucha ule umeota na ufa katikati. Alipoulizwa kama anajuta kwamba hasira yake imevifunza visu kufungukia hasira, aliliinua dole gumba juani, akautazama ule ufa, akasema swali hilo apelekewe mwenye kasha.