Aliyemuuzia Kwamboka Karavani

Sssss! Usiku ule mlio mmoja tu ulisikika katika kambi ya mapumziko kando ya Ziwa Naivasha. Mpira wa gesi ulikuwa umepasuka ndani ya karavani, kijumba cha magurudumu cha Kwamboka. Akafunga mtungi, akafungua madirisha.

Kulipokucha, Bwana Masinde, mwenye kambi, alifika na majirani wote nyuma yake.

"Dada Kwamboka, sheria ni sheria. Karavani mbovu hailali kwangu. Iondoe leo!"

Kwamboka hakuwa na pengine pa kuiweka. Akainamisha kichwa.

"Nimekosa, mzee. Lakini nilipouziwa, mpira ulikuwa umeoza tayari."

"Na nani?"

"Naona haya kumtaja. Ni mtu mzima, utamwonea huruma."

"Huruma? Mimi?" Masinde aliwageukia majirani. "Gesi ina huruma? Mtaje!"

"Ukimjua utamfanya nini?"

"Atatengeneza kila kitu! Mpaka amalize, karavani yako haisogei hata hatua."

"Akikataa?"

"Nitamfokea mbele ya watu hawa!"

"Mzee, usijisifu bure. Ukimwona utanywea."

"Ninywee? Naapa, nisipomfokea, nitaitengeneza mwenyewe, kwa mfuko wangu!"

Majirani wakapiga makofi. Masinde akatunisha kifua, akavua kofia kuwapungia.

Kwamboka akajifunga kanga yake vizuri, akawatazama mmoja mmoja.

"Mmesikia wenyewe, jamani?"

"Tumesikia!"

"Haya, mzee, kamfokee. Ni mama mkwe wako, Bi Namalwa."