Honi ya Kona ya Mkuyuni

Hapo zamani, si zile za mababu, ni hizi za juzi tu, huko milimani Upareni aliishi mama mmoja, Nakijwa. Mumewe alimwachia binti mmoja, Eliwaza, na Landirova moja kuukuu. Enzi za uhai wake, kila akifika kona ya Mkuyuni mume alipiga honi mara tatu, na Nakijwa akainjika maji ya chai. Alipofariki, mama alifunga banda la gari, ufunguo akaufundika kwenye pindo la khanga. Miaka tisa hakuruhusu mtu aliguse gari lile. Alilipenda mpaka likamfia.

Eliwaza akachumbiwa. Akasema, "Mama, kanisani nitakwenda kwa gari la baba. Naomba ufunguo."

Nakijwa alilia siku nzima. Jioni akafungua pindo.

Kumbe injini imekamata, haisogei hata kidogo, na harusi imebaki wiki mbili. Mama akatangaza, "Atakayeiamsha ndiye atakayepiga honi pale konani."

Akaja fundi Senkondo, rafiki wa marehemu. Vijana walitaka kulisukuma mteremkoni, akawafukuza. "Kutu haitishwi," alisema, "hubembelezwa." Akatoa plagi, akamimina dizeli na oili kwenye kila silinda. Kesho yake akaja, akamimina. Keshokutwa akaja, akamimina. Siku kumi alimimina, na injini kimya.

Siku ya kumi na moja akaja Namkunda, dada wa marehemu, mwenye mashine ya kusaga ambayo kila asubuhi huiwasha kwa hendeli. Akachomeka hendeli mbele ya gari. Akaegemea, kimya. Akaegemea, kimya. Akaegemea mara ya tatu, ikasogea upana wa kidole. Akairudisha, akaisogeza, akairudisha, tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, mpaka ikazunguka nzima. Senkondo akarudisha plagi, betri mpya ikafungwa. Gari likakohoa, likatoa moshi, likanguruma. Nakijwa alicheka huku analia, wala hakuona haya.

Jumamosi wakapanda wote wanne, vigelegele nyuma yao. Walipoikaribia kona, Senkondo akiwa kwenye usukani, maneno yakaanza.

"Shemeji, honi ni yangu. Bila dizeli yangu, hendeli ingemvunja mtu mkono."

"Wifi, siku kumi za dizeli hazikusogeza kitu," alisema Namkunda. "Tazama malengelenge haya."

Eliwaza akainua shela. "Mama, hawa wameamsha injini. Wewe nani alikuamsha, ukafungua pindo?"

Gari likasimama konani, injini ikinguruma, kijiji kizima kimetega masikio. Watatu wale wakamtazama Nakijwa. Naye alilishika pindo la khanga, lile lililokuwa na ufunguo, na vidole vyake mwenyewe vilikuwa vinamwasha kuipiga honi ile.

Haya, mliokaa hapa, chai inachemka na watu wanangoja: honi ile, nani alistahili kuipiga?