Daktari Aliyeingia Bila Hodi

“Mfunika uso hafunuliwi jipu.” Vijana wa kwaya walilisikia neno hilo kinywani mwa Mzee Kirumbe, wakamwuliza limetoka wapi. Mzee aliweka chini kitabu chake cha nyimbo. Methali hii, akasema, ilizaliwa hukuhuku kwetu Upare, kwenye zahanati ya juu mlimani, nayo ilizaliwa hivi.

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Juni, mwaka 1966. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mpaka mlangoni, na baridi ilikuwa ya kuuma mifupa. Namsifu, mama wa mtoto wa miezi miwili, alilala kitanda namba saba. Homa yake ilikuwa siku ya nne haishuki. Walimpiga sindano za malaria, kumbe chini ya kanga, titi la kushoto lilikuwa na jipu linalowaka kama kaa. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Daktari mgeni akaingia. Hakubisha hodi. Alivaa koti refu jeupe, na kitambaa cheupe kilimfunika pua na mdomo, yakabaki macho tu. Viatu vyake vya mpira havikutoa sauti. Ukungu ulioingia pamoja naye uliificha miguu yake, akawa kama anaelea. Jana alisimama sana kwenye kitanda namba tano. Leo kitanda kile kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa.

“Namba saba,” ilisema sauti nyuma ya kitambaa. “Unaumwa wapi?”

Vidole vya mpira vilimgusa shingoni. Havikuwa na joto. Namsifu alitaka kujibu, ulimi ukawa mzito. Ndipo wazo likamjia, likamkalia kifuani: nimekwisha kufa. Ndiyo maana hakuna anayenisalimu. Ndiyo maana sina jina. Akamkumbatia mtoto, akaomba moyoni: Bwana, kama umenichukua, huyu usimwache.

“Haongei,” alisema daktari, akageuka aende zake.

“Daktari,” aliita Bibi Nakijwa, mgonjwa wa kitanda cha jirani. “Kazi yako naijua. Nimeifanya miaka thelathini.”

“Ulikuwa muuguzi, bibi?”

“Mimi? Nilikuwa nikiosha maiti.”

Wanawake wakainua vichwa kutoka kwenye mito.

“Unavyoingia wewe, mjukuu wangu, ndivyo nilivyoingia mimi. Kitambaa mdomoni, mikono imefunikwa, salamu hakuna. Kwetu maiti hasalimiwi wala haitwi jina, asije akadhani anaweza kurudi. Sasa mwenzangu huyu, siku nne unamwosha. Atakujibuje?”

Daktari alisimama kama aliyepigwa kofi. Kisha akatoka, ukungu ukammeza. Wanawake wakabaki kuutazama mlango.

“Hodi!”

Hakuna aliyethubutu kuitika.

“Hodi humu ndani!”

“Karibu,” alijibu Bibi Nakijwa.

Aliyeingia alikuwa daktari yuleyule, kumbe kijana tu, uso wazi, kidevu kimekatwakatwa na wembe. Alichuchumaa kando ya kitanda cha Namsifu, kadi yake mkononi.

“Shikamoo, mama Namsifu. Naitwa Rutashobya, nimetoka Bukoba, na baridi yenu hii itaniua mimi kwanza.”

“Marahaba,” alisema Namsifu, akashtuka kuisikia sauti yake mwenyewe. Maiti haitikii salamu. “Mwanangu, yule wa namba tano yuko wapi?”

“Alipona, mumewe akamfuata jana jioni. Walishuka mlima wakigombana.”

Wodi ikacheka. Namsifu alicheka huku akilia, kisha akafunua kanga.

Daktari alilitazama jipu. “Mama, ungengoja mpaka kesho tu...” Hakumaliza. Jipu likapasuliwa kabla ya saa sita. Siku ya tatu homa ilikwisha.

Asubuhi ambayo Namsifu aliruhusiwa kwenda nyumbani, mtoto mgongoni, daktari alisimama katikati ya wodi na kitambaa chake mkononi.

“Mama zangu, mnishuhudie, na Mungu anisikie. Hiki nitakivaa kazi ikinidai. Lakini sitakivaa kabla hamjauona uso wangu, sitaingia humu bila hodi, wala sitamwita mtu namba. Mfunika uso hafunuliwi jipu.”