Hapa Hamna Hewa, Dada

Haya, wapendwa, tulieni kidogo. Akina mama wenye watoto wachanga, msitoke, waacheni walie, sauti yangu mimi ni kubwa kuliko yao. Leo nina neno juu ya aibu, na ninaomba mtu asianze kumtazama jirani yake.

Kulikuwa na kijana mmoja, rubani. Siyo rubani wa ndege hizi mnazozijua, zenye kelele na chai. Yeye alirusha ndege isiyo na injini. Ndiyo, isiyo na injini, msinikodolee macho. Zipo. Zina mabawa marefu, membamba, na zinavutwa kwa kamba na ndege nyingine mpaka juu, halafu kamba inaachiwa, rubani anabaki yeye na Mungu wake. Mmewahi kumtazama mwewe saa za mchana, jua likiwa kali? Anazunguka, hapigi bawa hata mara moja, na bado anapanda. Anapandishwa na hewa ya joto inayotoka ardhini. Na marubani hawa ndivyo wanavyofanya. Rubani anaitafuta hewa inayopanda, anazunguka ndani yake, akishafika juu anakwenda zake kutafuta nyingine. Akiikosa anashuka, na akishuka sana anatua popote palipo wazi, hata shambani kwa watu.

Majina siwapi. Nikiwapa majina mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani.

Sasa, kijana huyu alikwenda mashindano ya dunia ya vijana, nchi ya mbali yenye mashamba makubwa na milima. Kutoka kwao walikwenda wawili tu, yeye na binti mmoja aliyemzidi umri kidogo, ambaye alizoea kumwita dada. Walijifunza pamoja, kwenye kiwanja kimoja cha nyasi, kwa ndege moja nzee waliyoipokezana. Na ndege hizi haziondoki hivihivi. Lazima mtu aishike ncha ya bawa akimbie nayo, ili bawa lisiburute chini mpaka ndege ishike kasi. Binti ndiye aliyekuwa anamkimbizia. Alikimbia, akajikwaa, akachubuka magoti, akainuka anacheka, na kijana huyo juu, anapaa.

Huko mashindanoni walikuwa na makubaliano. Atakayepata hewa nzuri anamwita mwenzake redioni. Siku za mwanzo binti aliita mno. "Kaka, acha hapo, njoo upande wa mto, huku kuna hewa tamu ajabu!" Kijana anakwenda, anaikuta, anapanda. Lakini sijui niseme vipi, binti alikuwa na jicho la kuijua hewa. Siku zikaenda, binti akawa anaongoza dunia nzima, na kijana yuko nyumanyuma, anapiga makofi.

Mnacheka. Ninyi mnapiga makofi namna gani mwenzenu akipandishwa cheo?

Kilichomuuma zaidi ni simu ya nyumbani. Mama yake mzazi, aliyemzaa yeye, alimpigia akisema, "Mwanangu, huyo dada yako anatuheshimisha huku! Mtaa mzima unamtazama kwenye simu. Mshike vizuri, ujifunze kwake." Kijana akajibu, "Sawa, mama." Alipokata simu, hata chakula hakikupita.

Kesho yake wakaruka. Mchana mawingu yanayowaonyesha hewa inapopanda yakatawanyika, hewa ikawa ngumu, marubani wakaanza kuhangaika. Wale wawili walikuwa mbali mno, ng'ambo ya milima, mahali ambapo mwalimu wao, aliyebaki chini na redio yake, hawasikii tena. Kijana anashuka, anashuka. Mara, juu ya mteremko wa mawe uliopigwa na jua, akahisi kiti kinamsukuma kwa chini. Hewa! Akalaza bawa, akaanza kuzunguka. Ikampandisha kwa nguvu ambayo hakuwahi kuikuta wiki nzima.

Hapo redio ikaita. Ni binti, sauti imekauka. "Kaka, huku kwangu hakuna kitu, niko chini sana. Nakuja upande wako. Una chochote?"

Wapendwa, ninataka mkae hapo naye kidogo. Hapigani na mtu. Hakuna anayemtazama. Anachotakiwa kusema ni neno moja tu, njoo. Na anajua vizuri kwamba akilisema, binti atakuja, atapanda, atashinda tena, na mama atapiga simu tena.

Akabonyeza kitufe. "Hapa hamna hewa, dada. Mimi mwenyewe nashuka. Jaribu huko bondeni."

"Asante, kaka. Jihadhari na wewe."

Binti akageuza ndege kuelekea bondeni.

Jioni hiyo kijana akatangazwa mshindi wa siku. Binti alitua kwenye shamba la viazi la mzee asiyejua hata neno moja la lugha yake, na pointi zake zote zikamwagika humohumo kwenye matope. Na kwa desturi yao, rubani akitua shambani, wenzake humfuata kwa gari, ndege hufunguliwa mabawa, ikapakiwa kwenye trela ndefu, ikarudishwa. Nani akamfuate? Si mwenzake wa nyumbani! Basi kijana akapanda gari pamoja na mwalimu. Njia nzima alikuwa anajifunza maneno ya kusema endapo ataulizwa.

Hakuulizwa. Binti alikuwa amekaa juu ya gunia, ana matope mpaka kwenye nywele. Alipomwona alisimama akamkumbatia. "Hongera, kaka! Nimefurahi angalau mmoja wetu amefika. Uliokokaje na ile hewa mbaya?"

"Mungu tu," kijana akasema.

Ee, sikilizeni hilo. Alimtaja na Mungu.

Kuna desturi nyingine ya marubani wale, nzuri sana. Kila asubuhi wanakusanyika ukumbini, na mshindi wa jana anasimama mbele ya wote aeleze alivyoruka. Kila ndege inabeba kifaa kidogo kinachoweka kumbukumbu ya njia yake yote, na njia hiyo inaonyeshwa ukutani, mstari unatembea, wenzake wanajifunza. Kijana aliijua desturi hiyo. Ila hakuwahi kushinda, hakuwahi kusimama pale, na akadhani wataonyesha mstari wake peke yake.

Wakaonyesha miwili. Wake mwekundu, na wa mwenzake, kijani, kwa kuwa ni wa timu moja.

Akaanza kueleza vizuri tu, kifua mbele. Tulianzia hapa, tukapita pale. Mistari inatembea. Ikafika mlimani. Mwekundu ukaanza kuzunguka, ukawa unapanda, unapanda. Na ule wa kijani ukatokea chini, unakuja moja kwa moja kuelekea kwenye mwekundu, umekaribia kabisa. Kisha ghafla ukageuka, ukaenda bondeni, ukafia kwenye viazi.



Msichana mmoja wa nchi nyingine akanyoosha mkono. Hakuwa na ubaya, alitaka kujifunza tu. "Samahani. Huyu wa kijani si mwenzako? Alikuwa anakuja kwako, na wewe ulikuwa umepata hewa nzuri kuliko wote. Mbona aligeuka? Hukumwita?"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama kijana. Masikio yalimwaka. Akafungua mdomo aseme redio ilikuwa mbovu. Na kule katikati ya viti akamwona binti. Binti alikuwa anatazama ukuta, siyo yeye. Alikuwa anautazama mstari wake mwenyewe ukigeuka, na kijana akauona uso wake pale pale ulipoelewa.

Sasa nyinyi mngefanya nini? Niambieni. Mngesimama mkasema nini?

Binti alisimama. "Aliniita," akasema. "Aliniita mara mbili. Mimi ndiye mkaidi, nikajifanya najua zaidi, nikaenda bondeni."

Watu wakacheka, wakamwambia pole. Mwenye kuongoza mkutano akamgeukia kijana. "Kumbe ndivyo ilivyokuwa?"

Na kijana, Mungu amrehemu, akaitikia kwa kichwa. Wakampigia makofi.

Alimkuta binti nje, anaufuta udongo kwenye bawa kwa kitambaa. Akasimama nyuma yake. "Dada. Kwa nini umesema vile?"

Binti hakugeuka. "Sikusema kwa ajili yako, usijidanganye. Mkutano ule unarushwa mtandaoni mpaka nyumbani. Mama yako alikuwa anatazama, na majirani wamejaa sebuleni kwake. Nimeshindwa kumwaibisha mama wa watu." Akakung'uta kitambaa. "Ya kwako utamalizana nayo mwenyewe. Wenzetu bado wako ndani."

Kijana akatamani ardhi ipasuke. Kama angetukanwa angepumua. Kama angepigwa kofi angeshukuru. Alirudi mpaka kwenye mlango wa ule ukumbi, akaweka mkono kwenye kitasa, akasikia sauti za watu ndani, akasimama.

Nami ninamwacha hapo hapo. Naona mmekunja uso, mnataka kujua kama aliingia. Mnamchukia, sivyo? Mama mmoja hapa mbele amesonya mpaka nimesikia. Mnasema, muovu mkubwa!

Haya. Tumwache yeye, tuje kwetu sisi.

Kuna mama kule kijijini, jirani anamuuliza kila mwisho wa mwaka, "Mwanao wa mjini anakuja?" Anajibu, "Alitaka sana kuja, ni kazi tu zimembana." Kazi gani? Hajui. Wewe, mwanawe, hukumwambia lolote, hukumpigia. Ameitunga hiyo kazi mwenyewe, akakufunika nayo, ili usionekane uchi mbele ya watu. Kuna mke anawaambia watoto, "Baba yenu amechoka, ndiyo maana anafoka." Kuna rafiki ulimwambia, "Kule ofisini hakuna nafasi," na nafasi ilikuwepo, ukampa mwingine. Amekuja kujua. Na mpaka leo akiulizwa juu yako anasema wewe ni mtu mwema.

Tunadhani heshima tuliyo nayo ni yetu. Tunatembea kifua mbele, tunapigiwa makofi, hata humu kanisani tunapewa viti vya mbele. Kumbe kuna mtu amekaa kwenye matope mahali fulani, tuliyemweka sisi wenyewe, na ni yeye anayetushikilia jina lisianguke. Haoni raha kufanya hivyo, wapendwa. Anafanya kwa sababu ana utu kutuzidi. Na sisi tunaitikia kwa kichwa.

Mtasema, mchungaji, mbona leo umetuchoma? Nimechomwa kwanza mimi nilipokuwa naandaa. Mungu anasamehe, hilo nalihubiri kila Jumapili, wala silipunguzi hata nukta. Lakini usimfanye Mungu mlango wa nyuma wa kumkwepa yule uliyemdanganya.

Basi simameni, tuombe. Ila wewe ambaye jina la mtu limekujia kichwani nikiwa naongea, wewe usisimame kuomba. Toka nje sasa hivi, mbele ya macho yetu sote, ukampigie. Sisi tutakungoja.