Namwela na Nchi Iliyoachana

Mmeiona alfajiri ya leo juu ya mlima, ile nyota yenye mkia mweupe, na sasa mnataka kujua imetoka wapi na kwa nini haitulii mahali pamoja na wenzake. Kaeni basi. Habari yake si ya kuchekesha. Shangazi yangu Tusekile, ambaye ndiye aliyenipa, hakuisimulia harusini hata siku moja.

Wakati ninaousema, mbinguni hapakuwa na kitu kilichovunjika. Kimondo hakikujulikana, wala nyotamkia. Mzee Jua alikaa katikati kama mkubwa wa ukoo kwenye moto wake, na nchi zote zilimzunguka, kila moja na njia yake: Zuhura, hii dunia yetu, Mirihi mwekundu, na mbali zaidi Mshtarii, jirani mnene ambaye uzito wake ulivuta kila kilichopita karibu naye. Kati ya Mirihi na Mshtarii, pale ambapo leo mkitazama hamwoni kitu, palikuwa na nchi nzima yenye watu. Iliitwa Lutanda.

Lutanda ilikuwa nchi ya baridi, kwa kuwa ilikuwa mbali na moto. Watu wake walivaa ngozi, walifuga kondoo na kulima ulezi. Mvua hawakuijua. Maji yao yote yalitoka katika chemchemi moja chini ya mwamba mweusi, katikati kabisa ya nchi. Mwamba huo waliuita Fundo, maana wazee walisema ndio ulioishikilia nchi isiachane, kama fundo la kamba linavyoshikilia mzigo wa kuni. Mkubwa wa Lutanda alikuwa Halinga. Mkewe aliitwa Namwela, na walikuwa na wana wawili, Simwaba na mdogo wake Kalonge.

Halinga alipokuwa anakata roho aliwaita wanawe kitandani. Alikuwa amebakiwa na sauti tu.

"Gawaneni mashamba," akasema. "Gawaneni kondoo. Hata nyumba hii mkitaka gawaneni. Ila Fundo msiliguse. Maji mnywe pamoja."

"Tumesikia, baba," wakajibu, na walijibu kwa moyo mweupe. Msije mkadhani walikuwa watu wabaya. Simwaba ndiye aliyepoteza kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto akimtoa Kalonge mdomoni mwa fisi walipokuwa wachungaji. Walimzika baba yao, wakagawana bila neno baya: Simwaba akachukua upande wa mawio, Kalonge upande wa machweo. Kutoka kwenye chemchemi wakachimba mifereji miwili, kila mmoja wake, wakaishi hivyo wakaoa na kuzaa.

Kisha ukaja mwaka ambao chemchemi ilipungua. Kondoo wa Simwaba walikuwa wanazaa, na kondoo anayenyonyesha asipopata maji hufa na mwanawe. Simwaba akaenda chemchemini akauziba mfereji wa mdogo wake kwa mawe na tope, ili maji yote yaende upande wake. Moyoni alijiambia ni kwa muda mfupi tu, mpaka wanakondoo wapate nguvu. Hakumwambia mtu. Kalonge mwenyewe alikuwa mbali malishoni, na Simwaba hakutuma hata mjumbe kwa shemeji yake.

Nyumbani kwa Kalonge mfereji ulikauka. Mkewe alisubiri, akachota umande, akakamua majani. Mwisho akampa binti yao Sekela maji ya dimbwi lililokanyagwa na mifugo, kwa sababu mtoto alikuwa analia na hakuwa na kingine cha kumpa. Sekela akashikwa na tumbo. Kalonge aliporudi kutoka malishoni alikuta wanawake wameketi chini uani, na akaelewa kabla hajaambiwa.

Baada ya maziko aliufuata mfereji mkavu hadi chemchemini. Alikiona kile kizibo. Tope lilikuwa limekauka, na juu yake palikuwa na alama ya kiganja cha kushoto chenye vidole vinne.

Hapo bado ingewezekana kupona. Laiti Simwaba angekwenda msibani, akakaa chini na wenzake na kusema, ni mimi, nimekosa, labda leo tungekuwa na habari nyingine. Lakini aibu ilimfungia ndani. Alikaa nyumbani kwake ameinamisha kichwa, hali wala halali, na watu wakampelekea Kalonge maneno kuwa kaka yake amekataa kumlilia mtoto. Kalonge akachukua nyundo na tindo la kuchongea mawe.

"Sitakunywa tena na mtu huyu," akasema. "Nakwenda kukata nusu yangu ya Fundo, na nusu ya maji iliyo chini yake."

Simwaba aliposikia aliogopa kwamba atabaki bila maji kabisa. Naye akachukua nyundo na tindo lake, akaja upande wa pili.

Walipofika walimkuta mama yao ameketi juu ya mwamba. Namwela alikuwa mzee kwa wakati huo, nywele zake zote nyeupe, amezisuka kama wajane wa Lutanda walivyosuka. Wote wawili wakasimama. Hakuna aliyethubutu kuinua nyundo mbele ya mama.

"Mama, shuka," akasema Kalonge.

"Ukitaka nishuke, anza na mimi."

"Mama, mwanangu yuko chini ya udongo."

"Najua. Nilimwosha kwa mikono yangu." Akamgeukia Simwaba. "Na wewe, huna la kumwambia mdogo wako?"

Simwaba alirudi nyuma hatua moja. Alitazama miguu yake.

Namwela akaona kwamba yeye peke yake hataweza. Akawaambia, "Nakwenda kwa Mzee Jua. Ndiye mkubwa wetu sote, atawaamua. Niapieni hamtaligonga Fundo mpaka nirudi."

Wakaapa kwa jina la baba yao. Namwela akajaza mtungi kwa maji ya chemchemi, kwa kuwa mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu, akajitwika, akashika njia.

Ilikuwa safari ndefu. Alimpita Mirihi, akaipita dunia hii, akampita Zuhura, na kila alipopita joto liliongezeka. Alipofika kwa Mzee Jua alipiga magoti, akapiga makofi ya heshima, akaeleza yote bila kumpendelea mwana yeyote. Mzee Jua alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama," akasema, "kesi hii siwezi kuiamua kwa kusikia upande wa mama tu. Na siwezi kuja huko. Nikiondoka hapa nchi zote zitapotea gizani. Nenda ukawaambie waje wote wawili. Nitawasikiliza, hata kama wataongea mwaka mzima. Na maji yako rudi nayo. Huko kwenu yanatakiwa kuliko huku."

Namwela akashukuru, akajitwika mtungi wake, akaanza kurudi. Shangazi alikuwa akifika hapa anasema mama huyo alitembea akiimba, kwa kuwa alijua wanawe watakuja.

Huku nyuma kiapo kilishikiliwa. Hilo mlikumbuke. Kalonge hakuligusa Fundo, wala Simwaba. Kila mmoja alikaa upande wake akitega sikio. Asubuhi moja Kalonge alikwenda kusafisha kaburi la binti yake, ambalo halikuwa mbali na chemchemi. Udongo wa pale ulikuwa na kokoto, na jembe lilipogonga jiwe lililia, ngaa, ngaa. Simwaba akasikia chuma kikigonga jiwe. Hakwenda kutazama. Alidhani mdogo wake amevunja kiapo, akakimbia na nyundo na tindo hadi kwenye mwamba, akapiga kwa nguvu zake zote.

Kalonge akasikia mlio huo, na huo ulikuwa wa Fundo kweli. Akatupa jembe, akachukua nyundo.

"Umemuua mwanangu, na sasa kiapo cha baba!" akapiga kelele, akaanza kugonga kutoka upande wake. Wakapiga, wakapiga, hakuna aliyemsikiliza mwenzake, mpaka mapigo yao yakakutana, mwamba ukapasuka.

Maji hayakutoka. Nchi ikaanza kuachana. Haikulipuka. Ilifunguka taratibu, kama mzigo wa kuni kamba inapolegea: shamba likaenda huku, zizi kule, kilima kikageuka ubavu na kuondoka na nyumba zake. Ufa ukapita kati ya ndugu wawili. Simwaba akatupa tindo, akalala kifudifudi ukingoni, akanyoosha mkono wake wa kushoto.

"Kalonge! Shika mkono! Nisamehe, mdogo wangu, shika mkono!"

Ndilo neno ambalo Kalonge alikuwa akilingoja tangu siku ya maziko. Akanyoosha mkono naye. Ncha za vidole ziligusana. Lakini ufa ulikuwa unaendelea kupanuka, na vidole vinne havikutosha kushika. Wakaachana huku wakiitana, kila mmoja juu ya kipande chake, hadi sauti zikapotea.

Namwela alipofika alikuta njia imejaa mawe na vumbi. Mwanzoni alidhani amepotea. Kisha akaona kipande cha ukuta wa nyumba yake kikielea, na akaanza kuwaita wanawe kwa majina. Alipokosa jibu aliweka bega kwenye jiwe moja, akalisukuma hadi likagusana na jingine, akarudi kusukuma la tatu. Alifanya kazi hiyo muda mrefu, na vipande vikaanza kuwa kama nchi ndogo. Hapo Mshtarii akapita kwenye njia yake, mzito kama kawaida yake, na kwa kupita tu akavivuta vyote vikatawanyika.

"Jirani!" Namwela akalia. "Simama kidogo, nimalize."

"Mama, nikisimama nitaanguka," Mshtarii akajibu, naye alisikitika kweli. Lakini akaendelea na njia yake, na kila alipozunguka na kurudi, yaleyale yakatokea.

Mwisho Namwela akafumua nywele zake, kama afanyavyo mwanamke aliyefiwa, akaenda tena kwa Mzee Jua. Maji ya mtungini yalikuwa yameganda kwa baridi ya kule mbali. Alipokaribia moto yakayeyuka, yakafuka mvuke mweupe.

"Wanangu wamefika?" akauliza.

"Bado, mama," akasema Mzee Jua, akashusha pumzi ndefu ya huzuni. Pumzi ile ikazipeperusha nywele na mvuke, vikalala nyuma, mbali naye. Namwela akageuka, akarudi kwenye baridi kuwatafuta.

Na tangu siku hiyo, kati ya Mirihi na Mshtarii pana mawe mengi, makubwa na madogo, yanayozunguka bila kuungana. Mengine hupotea njia yakatuangukia sisi, yakiwaka, na hayo ndiyo vimondo. Ndiyo maana wazee wetu wakiona kimondo hawashangilii. Husema, "Poleni, watu wa Lutanda," wakanyamaza. Na tangu siku hiyo nyotamkia huja na kuondoka, na mkia wake daima hulala mbali na Jua, hata anapokuwa anaondoka.

Watu wengine watawaambia kwamba ameleta vita au njaa. Msiwasadiki. Hana alichobeba zaidi ya maji yale, nayo hupungua kila anaposogea motoni. Shangazi alisema siku yatakapokwisha hatafuka tena mvuke. Atapita palepale juu ya mlima akiuliza habari za wanawe, na sisi tutaendelea kukamua ng'ombe bila kujua kuwa kuna mtu amepita.